Beki wa Pauni Milioni 50 na Benchi la Mzee Seremala

Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 2021 nilikuwa mlangoni kwa baba mdogo nakata tiketi. Kibanda chake cha kuonyesha mpira kipo Mbagala, ukishuka Rangi Tatu unaingia ndani kidogo, nyuma ya mashine ya kusaga. Kuta za mabati, sakafu ya udongo tunaomwagia maji jioni ili vumbi litulie, wakati ule televisheni mbili juu ya mbao, mabenchi kumi na mawili. Kiingilio kilikuwa shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Mchana mimi ni fundi aluminiamu, nafunga milango na madirisha. Usiku wa mechi nipo kibandani, na kazi hiyo sijaiacha mpaka leo, maana pale mlangoni namwona mtu anavyoingia na namwona anavyotoka.

Mechi ilikuwa Brentford na Arsenal, saa nne usiku kwa saa zetu, mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Brentford ndio kwanza walikuwa wamepanda, hawajagusa ligi ya juu tangu mwaka 1947. Sisi wa Arsenal tulikuwa na beki mpya. Ben White, kaja kutoka Brighton wiki mbili nyuma kwa pauni milioni 50, kapewa jezi namba 4. Wiki hizo mbili hakuna kilichozungumzwa kijiweni zaidi ya huyo White. Wapo waliosema tumepata mtu anayejua kutoka na mpira nyuma, kacheza mechi zote 46 za ligi akiwa Leeds kwa mkopo chini ya kocha Bielsa, na Leeds ikapanda. Wapo waliouliza swali ambalo na mimi lilinikaa rohoni: tunanunuaje beki wa kati kwa hela yote hiyo wakati Saliba, beki tuliyemsajili mwaka 2019, tunampeleka Marseille kwa mkopo wa tatu, na hajacheza hata mechi moja ya ligi na jezi yetu?

Dakika ya 22 Sergi Canós akaingia ndani kutoka kushoto, akapiga, mpira ukapita kwa kipa wetu Leno upande wake wa karibu. Dakika ya 73 ikaja ile ambayo kila mtu anaikumbuka. Mpira mrefu wa kurusha, ukaelea mpaka mbele ya goli, ukadunda pale ndani, watu wamejazana, na Christian Nørgaard akausindikiza kwa kichwa. Mbili bila. Aubameyang na Lacazette hawakuwepo, walikuwa wagonjwa, lakini kibandani hakuna aliyetaka kusikia habari za wagonjwa.

Watu walitoka wakaenda kusimama kwa dada wa chipsi, chini ya taa yake ya chaji, na hapo ndipo mechi ya pili ilipoanza.

Kulikuwa na dogo wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na mbili hivi wakati ule, ambaye mkeka wake wa kubeti ulikuwa umechanika usiku huo huo kwa sababu aliiweka Arsenal ishinde. Alikuwa na hasira ya kweli. “Milioni hamsini! Pauni, siyo shilingi! Beki wa kati hawezi kushinda mpira wa juu? Toney, mshambuliaji wao, kamruka kama yuko peke yake. Nunua beki mrefu, basi! Huyu ni kiungo mmemvisha jezi ya beki.” Kocha hakumgusa kabisa. Kwake yeye kocha wetu Arteta alikuwa mtu aliyetupa Kombe la FA tarehe 1 Agosti 2020, Chelsea wakala mbili moja, Aubameyang akafunga zote mbili. Kabla ya hapo tukawatoa Man City nusu fainali. Kocha wa namna hiyo, alisema, humwambii hajui mpira. Mlaumu aliyeshindwa kuruka.

Upande wa pili alikuwa mzee mmoja seremala. Namwita mzee, nikimkuta nampa shikamoo, lakini ukweli ni kwamba katika pale mahali hakuna kijana anayeijua Arsenal kama yeye. Alianza kuifuata enzi za kocha Wenger, anakutajia mabeki wa mwaka 2004 kwa mpangilio: Lauren, Touré, Campbell, Cole. Yeye White hakumlaumu hata kidogo. Lawama zote alizibeba akazitua kwa kocha.

“Mwanangu,” alimwambia dogo, huku ameshika mfuko wake wa chipsi hajaufungua, “mlango usipofunga vizuri, watu wanakimbilia kuuranda mlango. Wanauranda, wanauranda, mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, na bado haufungi. Kumbe fremu ndiyo imekaa upande. Huyo kijana ni mlango. Fremu ni kocha.”

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nafasi ya nane msimu wa kwanza. Nafasi ya nane tena msimu wa pili. Mara ya kwanza baada ya miaka 25 Arsenal haichezi mashindano yoyote ya Ulaya. Na mwezi wa tano uliopita tumetolewa nusu fainali ya Ligi ya Europa na Villarreal, ambayo kocha wake ni Unai Emery, yule yule tuliyemfukuza ili tumlete huyu. “Na huyu alikuwa nani? Msaidizi wa Guardiola. Msaidizi anabeba randa, anashika upande wa pili wa ubao. Paa hajawahi kupiga hata moja. Leo mnampa nyumba nzima ajifunzie!”

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nahesabu hela za baba mdogo, lakini kichwani nilikuwa mbali, nilikuwa Kurasini kwenye uwanja wa mchanga, nina miaka kumi na tisa.

Nilikuwa beki wa kati. Timu yetu ya mtaani ilikuwa na mwalimu wa kweli, maana kazini kwake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni alikuja na filimbi ile ile ya mchakamchaka. Siku moja kwenye ndondo beki mwenzangu, mtu niliyecheza naye miaka minne, aliumia kifundo. Wakamleta kijana kutoka mtaa wa jirani. Mzuri kweli yule kijana, ana nguvu, anapiga vichwa, kuliko hata mwenzangu. Tulisalimiana tukiwa tunafunga kamba za viatu.

Dakika za mwisho, tunaongoza moja bila, wakapata mpira wa kurusha upande wa kulia kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, mpira umelowa, mzito. Ukaja juu, mrefu, ukaanza kushuka katikati yangu mimi na yeye. Nauona mpaka sasa, ile kiraka yake moja ya njano inazunguka taratibu. Kama angekuwa mwenzangu wa zamani ningekwisha kusikia “Yangu!” au “Wako!” kabla mpira haujaanza kushuka. Yule kijana alinisubiri mimi, mimi nikamsubiri yeye. Hatua moja tu, kila mmoja kamwachia mwenzake hatua moja, na mpira ukadunda mchangani katikati yetu, na mshambuliaji wao mfupi kabisa, asiyefika begani kwangu, akapita na kichwa akaweka. Moja moja. Tukatolewa kwa penalti.

Mashabiki wetu walimfuata yule kijana mpaka kituoni wakimzomea. Mwalimu alikaa na mimi kwenye gogo la mnazi, akaniuliza swali moja: “Mliongea?” Nikamwambia hapana. Akasema, “Basi nimekosea mimi. Nimewapa jezi, sijawapa muda.” Sijawahi kusahau. Mtu mzima, mwalimu, mbele ya kijana wa miaka kumi na tisa, anasema nimekosea mimi.

Ndiyo maana usiku ule wa Brentford nilipomwona White na Pablo Marí wamesimama, mpira umedunda kati ya watu, nikajua ninachokiona. Watu wawili waliofahamiana siku chache. Dogo alikuwa anauliza kwa nini hakuruka. Mimi nilikuwa nauliza kama waliongea.

Lakini wiki mbili zilizofuata hakukuwa na nafasi ya kusema maneno ya namna hiyo mbele za watu. White akaugua UVIKO, akakosa mechi ya Chelsea nyumbani, Lukaku na Reece James wakatufunga mbili. Tarehe 28 Agosti tukaenda Etihad, kwa Man City. Mechi ya mchana, saa nane na nusu, kibandani joto la mabati unaweza kukaangia yai. Gündoğan dakika ya 7, Torres dakika ya 12, Xhaka kadi nyekundu dakika ya 35, na mwisho wake tano bila. Mechi tatu, pointi sifuri, goli sifuri la kufunga, tisa za kufungwa. Mkiani kabisa. White hata hakuwepo katika mbili kati ya hizo, na bado dogo alimtukana. Mzee seremala alisimama, akakung’uta suruali, akasema neno moja tu mlangoni kwangu akipita: “Fremu.”

Na mimi, niseme ukweli, siku ile nilikubaliana naye. Niliondoka nikiamini Arteta hatafika Krismasi.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo. Ligi ilisimama kupisha mechi za timu za taifa, na katika siku zile nilikwenda kufunga madirisha Kigamboni. Narudi kwenye pantoni nikawa nafikiria, nikajiapiza kwamba mechi ya Norwich sitaangalia mpira. Nitamwangalia beki tu. Yeyote atakayecheza, dakika 90, macho yangu kwake. Ilikuwa tarehe 11 Septemba, Jumamosi saa kumi na moja jioni. Nikamwomba baba mdogo akate tiketi yeye, nikakaa benchi la pili.

Anayetaka kujua beki aangalie hivyo. Ni vigumu, kwa sababu macho yanakimbilia mpira, na televisheni nayo inakunyima, inakuonyesha upande ule tu wenye mpira. Lakini ukijilazimisha unaona. Siku ile upande wa kushoto kwa White alikuwepo Gabriel, Mbrazili, amepona goti. Kulia kwake alikuwepo Tomiyasu, Mjapani, kasajiliwa siku ya mwisho ya dirisha kutoka Bologna. Golini alikuwa Ramsdale, siyo Leno. Watu wanne ambao pamoja hawajawahi kucheza hata dakika moja.

Nikaona hivi. Mpira wa juu ukija katikati, anayekwenda kuupokea ni Gabriel. Anakwenda kwa kifua, kwa bega, kwa kila kitu, yule anapenda kugongana. White haendi. White anarudi hatua tatu nyuma yake, anasimama mahali mpira utakapoangukia. Mpira wa juu ukipelekwa nguzo ya mbali kulia, Tomiyasu ndiye anayeruka, na anaruka vizuri kwelikweli. Kwa hiyo lile jambo ambalo dogo wa bodaboda alilipigia kelele mwezi mzima, kwamba White hashindi mipira ya juu, lilikuwa limeondolewa mabegani mwake. Hakuna aliyemfundisha kuruka ndani ya wiki mbili. Wamewekwa watu pembeni yake ambao kuruka ndiyo kazi yao, na yeye akaachiwa kazi anayoiweza: kusoma mpira, kuuchukua, na kutembea nao.

Na kutembea nao ndiko kulikonifurahisha. Beki wa kawaida akipata mpira anatafuta wa kumpa haraka, kama ameshika kaa la moto. White anauchukua, anainua kichwa, anatembea. Anatembea mpaka mshambuliaji wao ashindwe kuvumilia na kumfuata. Akishamfuata tu, kuna mtu wetu amebaki wazi, na pasi inakwenda pale pale. Nilihesabu mara nane kipindi cha kwanza, kisha nikaacha kuhesabu. Tulishinda moja bila, Aubameyang dakika ya 66. Wiki iliyofuata Burnley kwao, moja bila, Ødegaard kwa faulo. Burnley ile ambayo mipira ya juu ndiyo chakula chao. Mechi mbili, hatujafungwa. Kisha tarehe 26 Septemba Tottenham wakaja, na kufika dakika ya 34 ilikuwa tatu bila: Smith Rowe, Aubameyang, Saka. Son akapata moja mwishoni.

Usiku ule wa Tottenham nilimweleza mzee nilichokiona. Nilimwambia, mzee, fremu uliyosema siyo kocha. Fremu ni Gabriel, Tomiyasu na Ramsdale, na aliyeipiga ndiye kocha. Aliichelewesha, mechi tatu tumelala mlango wazi, wezi wakaingia wakabeba vyombo. Hilo ni kosa lake. Lakini kaipiga.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Fundi anayepima baada ya mvua kuingia ndani, utamsifu?”

Hilo sikuwa na jibu lake, na sina mpaka leo. Kwa sababu ni kweli. Gabriel aliumia, sawa, Partey aliumia, sawa, lakini dirisha la usajili lilikuwa wazi karibu miezi mitatu na Tomiyasu kaja siku ya mwisho. Mimi naona uwezo wa kocha una sehemu mbili, na watu tunazichanganya. Kuna kujua kitu gani kinatakiwa, na kuna kukipata kwa wakati. Ya kwanza Arteta alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, naamini hivyo. Ya pili alijifunza, na alijifunzia kwetu, kama mzee alivyosema. Sisi tulioketi kwenye mabenchi ya Mbagala tulilipa ada ya masomo yake.

Msimu ule uliishia vibaya, na siwezi kuupita. Nafasi ya nne ilikuwa mkononi mwetu. Mwezi Mei 2022 tukapigwa tatu na Tottenham kwao, White alikuwa majeruhi. Jumatatu ya tarehe 16 tukaenda Newcastle, White karudi, na dakika ya 55 mpira ukapigwa chini kuvuka goli, White akajitupa kuuwahi kabla ya mshambuliaji, ukamgusa ukaingia golini kwetu. Kajifunga. Mwisho mbili bila. Tukamaliza wa tano.

Dogo wa bodaboda hakupiga kelele usiku ule. Alikuja mlangoni, macho mekundu, akasema kwa sauti ndogo, “Kaka, alikuwa anajaribu.” Nikamwambia ndiyo, alikuwa anajaribu. Asipojitupa pale, Callum Wilson anafunga mwenyewe. Beki wengi wangesimama wakainua mikono kudai ameotea. Nilimpenda White usiku ule kuliko usiku wowote.

Halafu Saliba akarudi. Huko Ufaransa alikuwa amechaguliwa mchezaji bora kijana wa ligi, na kijiweni maneno yakawa mepesi: White basi tena, pauni milioni 50 zimekwenda na maji. Mechi ya kwanza, tarehe 5 Agosti 2022, kwa Crystal Palace, tunaangalia kikosi kinapita chini ya kioo: Saliba na Gabriel katikati. White beki wa kulia. Beki wa kulia, mbele ya winga wao Zaha! Kibandani watu walishika vichwa. Zaha alimsumbua kweli, lakini tulishinda mbili bila.

Miezi miwili baadaye hakuna aliyeweza kuwaza White akicheza kwingine. Alikuwa anakaa nyuma ya winga wetu Saka kama mtu na kivuli chake. Saka akipokea mpira pembeni na watu wawili wamemjia, White anapita nje yake kwa mbio, na mmoja wa wale wawili hana budi amfuate. Mara nyingi hapewi mpira. Anakimbia mita arobaini, hapewi, anarudi, anakimbia tena. Kazi ile haionekani kwenye magoli wala kwenye mkeka wa mtu. Ukitaka kujua kama kocha anajua kazi yake, angalia mchezaji anayekubali kukimbia mara kumi bila kupewa mpira. Amemwelewa mwalimu wake.

Tarehe 4 Machi 2023, Bournemouth nyumbani. Wametufunga sekunde ya tisa, watu bado wananunua karanga. Wakaongeza la pili. Tukiongoza ligi, tunafungwa mbili na timu inayopigana isishuke daraja. Partey akapata moja. White aliingia kipindi cha pili, na dakika ya 70 krosi ikaja kutoka kushoto kwa Nelson, naye yuko nguzo ya mbali, akaupiga kabla haujatua. Kipa akaupangua, lakini ulishavuka mstari. Goli lake la kwanza na jezi ya Arsenal. Na dakika ya 97 Reiss Nelson, nje ya boksi, mguu wa kushoto.

Sikuona alivyoshangilia, kwa sababu benchi la tatu lilikatika. Watu saba walikuwa wamesimama juu yake. Lilikatika katikati, puu, wakaanguka wote wakiwa wamekumbatiana, na hakuna aliyejua kama ameumia mpaka nusu saa baadaye.

Asubuhi ya Jumapili mzee seremala alikuja na msumeno, randa, na ubao wa mninga alioubeba begani toka kwake. Dogo wa bodaboda alimshikia upande wa pili. Niliwakuta nikiwa nakwenda dukani, nikakaa. Mzee alikuwa anapiga randa, maranda ya mbao yanamdondokea miguuni, na dogo anamwambia, mzee sasa kubali, kocha anajua. Pointi tano mbele ya City. Mzee hakuacha kuranda. “Anajua. Nimeshakubali anajua. Lakini hebu niambie, Saliba akiumia anacheza nani?” Dogo akanyamaza. Mzee akapuliza vumbi juu ya ubao, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akaona bado panakwaruza, akaranda tena. “Fremu nzuri ni yenye ubao wa akiba stoo.”

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 16 Machi, mechi ya Sporting Lisbon, Saliba akatoka ameshika mgongo. Tomiyasu naye akatoka mechi hiyo hiyo. Mwezi wa Aprili sitaki kuuandika kwa urefu. Liverpool mbili mbili, tulikuwa tunaongoza mbili. West Ham mbili mbili, tulikuwa tunaongoza mbili. Southampton, wanaoshika mkia, tatu tatu. City nne moja. Tumekaa kileleni siku 248 na kombe likaenda Manchester. Pointi 84, nafasi ya pili.

Walioniudhi mwezi ule ni wale waliomgeukia Rob Holding. Kijana wa watu kaitwa kutoka benchi, kawekwa kwenye mashine iliyotengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine. Saliba anaweza kubaki peke yake na mita hamsini za uwanja nyuma yake, kwa hiyo timu nzima ilizoea kusogea mbele. Ondoa Saliba, acha timu ile ile isogee vile vile, halafu mlaumu aliyebaki nyuma. Hapana. Pale nilisimama na mzee moja kwa moja. Kujua kumtumia beki bora ni uwezo. Kujua timu ichezeje siku beki bora hayupo, huo ni uwezo mwingine, na Aprili ile Arteta hakuwa nao. Msimu uliofuata alikuwa nao: tulifungwa magoli 29 tu kwenye ligi nzima, pointi 89, na bado tukawa wa pili, lakini safu ya nyuma hakuna aliyekuwa na la kuisema. Na kwenye kona ungemwona White amesimama mbele ya kipa wao, anamkanyagia njia, kazi aliyopewa na Nicolas Jover, kocha wa mipira iliyokufa. Yule yule aliyeambiwa hafai kwenye mipira ya juu.

Benchi la mninga bado lipo, la tatu kutoka mbele. Baba mdogo amebadilisha televisheni, ameweka projekta, kiingilio kimepanda, lakini benchi lile hajaligusa.

Tarehe 31 Agosti 2025, Liverpool na Arsenal, Anfield. Hata dakika tano hazijaisha Saliba kakaa chini. Akaingia kijana Mhispania, Cristhian Mosquera, tumemsajili kutoka Valencia kiangazi kile, wengi hata jina hawajalizoea. Kibandani minong’ono ikaanza: huyu nani, huyu mbona mdogo, tumekwisha. Dogo wa bodaboda, ambaye sasa ana mtoto wa kike anayemleta kibandani amempakata, aliinama mbele kumuuliza mzee kama anamjua.

“Simjui,” mzee akasema. “Anacheza na nani pembeni?”

“Gabriel.”

Mzee akasogea kwenye benchi, akampisha akae na mtoto.